Kibuyu Kile Kile

Juma lililopita ndugu yangu aliniletea kibuyu cha maziwa kutoka kijijini kwetu, Kikwe. Nilipokifungua hapa mjini, Kijenge, harufu ya moshi wa mzeituni pori ilinirudisha uani kwetu, chini ya mlima, mchana mweupe, mama amekaa kwenye kigoda.

Anasugua ndani ya kibuyu kwa kijinga cha moto, kama wanawake wa kwetu wanavyofanya ili maziwa yagande vizuri na yanukie. Anakung'uta vipande vya mkaa. Anakiweka chini, anakitazama kidogo, kisha anachukua kijinga kingine na kuanza upya kibuyu kile kile.

"Mama, hicho umeshakifukiza."

"Najua. Hebu kaa hapa karibu nami."

Nilikaa. Kanga yake ilikuwa na joto la jua, joto ambalo nalitamani mpaka leo. Macho yake yalikuwa mekundu, maana hakuwa akipata usingizi tangu mvua za vuli. Mama mdogo alitutazama kutoka mlangoni, akasema taratibu, "Hata mama yetu alianza hivi hivi, kukosa usingizi na kurudia kazi ile ile, kabla hajafa. Na bibi yetu pia."

Mavuno yalipofika, tulikuwa tumeshamzika.

Jana, baada ya usiku mwingine bila usingizi, nilikuwa jikoni nafukiza kibuyu changu. Binti yangu alitoka shule, akasimama mlangoni, akaniangalia.

"Mama, si ulikifukiza asubuhi?"

"Najua," nikamwambia. "Hebu kaa hapa karibu nami."

Akakaa, hata begi hakutua. Nywele zake zikaanza kunuka moshi.