Mashuka ya Mama Ilona

Hapa Monessen, mji wa viwanda vya chuma Marekani, Jumatatu ni siku ya kufua, na mlinzi wa sheria hiyo alikuwa jirani yangu, Zuzana Hudáková, Mama Ilona. Ukianika Jumanne, mtaa mzima utazipata habari zako. Kwa miaka ishirini na minne mashuka yake ndiyo yaliyotangulia kwenye kamba, moshi wa viwandani upende usipende.

Binti yake, Ilona, alikwenda Pittsburgh kufanya kazi za ndani, amekonda, anakohoa. Misimu miwili ya baridi ikapita hawajaonana: mama ana wapangaji tisa wa kulisha, na binti hapewi ruhusa. Barua zote zilisema, "Mama, mimi mzima."

"Karatasi haina kifua," Mama Ilona alikuwa akiniambia. "Itakohoaje?"

Basi mwaka 1922 ikaja barua nyingine. Kwaya ya kanisa lao itaimba redioni Jumatatu saa kumi na mbili jioni, na ubeti wa pili Ilona ataimba peke yake. Mume wangu Matej, ambaye hajui kutulia, akatuundia redio: akazungusha waya kwenye kopo la karatasi la unga wa uji, akapata jiwe la kunasia mawimbi na sindano ya kuligusia, akavuta waya wa shaba kutoka paa letu hadi bomba la moshi la Mama Ilona.

Saa ikafika. Mama Ilona alikuwa kwetu, na redio kimya. Matej akachokoa jiwe kwa sindano mpaka jasho likamtoka. Mimi nikachungulia dirishani.

"Mama Ilona, nani kaanika kwenye waya wa redio?"

"Mimi. Waya mpya, hauna kutu, ukae bure siku ya kufua?"

"Ewe mama," Matej akalia, "mashuka bado mabichi, na yamegusa uzio wa chuma! Sauti yote inaishia ardhini!"

Mama Ilona alitoka mbio. Mashuka manane meupe aliyavuta na kuyatupa kwenye tope la masizi, moja baada ya jingine, nami nikacheka hadi nikashika ukuta.

Tuliweka visikilizio, vile vya kuvaa masikioni, ndani ya bakuli la supu ili sauti ikue na sote tusikie, vichwa vikigongana. Ubeti wa kwanza ulikuwa unakwisha. Kisha akaimba Ilona, peke yake.

Mimi nililia papo hapo. Mama Ilona hakulia. Alikuwa akihesabu pumzi za mwanawe kwa vidole. Ile sauti ndefu ya mwisho ikapanda, ikakaa, ikashuka bila kukatika, bila kikohozi.

"Anakula," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu alfajiri akaketi.