Maelezo ya Noeline

Miaka ishirini na sita Murray Tulloch na Noeline Geddes walikaa meza moja katika gereji ya Murray, kule Dunedin, mji wa baridi kusini kabisa mwa dunia, wakitengeneza programu ambayo mafundi wa kompyuta huandikia kazi zao. Programu hiyo huyapaka maagizo ya kompyuta rangi mbalimbali ili yasichoshe macho. Mchagua rangi alikuwa Murray. Maagizo aliyapa buluu na kijani. Maelezo, yale maneno ya kawaida fundi anayomwachia mwenzake ili aielewe kazi, aliyapa kijivu hafifu kama maji ya kuoshea vyombo.

"Hivi maelezo yangu unayasoma kweli?" Noeline alimwuliza siku moja, akimsogezea sahani ya mikate ya jibini.

"Nikikaa kusoma hadithi zako, mama, kazi nitafanya saa ngapi?"

"Haya, bwana mkubwa."

Ndivyo alivyokuwa Murray: hata jeneza angelitania. Miaka miwili baadaye Noeline akaanza kupotea njia ya kurudi kwake. Wakampeleka nyumba ya kutunzia wazee, na Juni, baridi imekaza, akafa bila kumtambua Murray.

Agosti Murray akairudia kazi waliyoiacha nusu: kuifanya programu isahihishe tahajia za maelezo tu, isiguse maagizo. Ili aone inachokikosoa, ilibidi aondoe kijivu. Akayapaka maelezo rangi ya chungwa, akafungua faili la Noeline ili aijaribu programu humo.

"Murray, hapa nimeandika mwenyewe na sikumbuki panafanyaje kazi. Naogopa. Ukisoma niambie, maana mdomoni hayatoki." Tarehe ilikuwa ya miaka minne nyuma, mwezi uleule wa ile sahani.

Chini kidogo: "Bado hujasoma, ee?"

Mbele zaidi: "Leo nimesahau jina la dada yangu. Nawe umekula mikate minne, mlafi wewe."

Na mwisho kabisa wa faili, neno moja: "Murray?"

Wanasema msiba wa kujitakia hauna kilio. Uongo mtupu. Murray alilia miwani ikiwa mkononi, mtu mzima wa miaka sitini na tatu, kwa sababu kijivu kile alikichagua mwenyewe, na siku zote hizo aliyekuwa akimwita alikuwa ameketi hatua mbili kutoka kwake.

Alipotulia akaandika chini ya lile neno: "Nipo, Noeline. Nimesoma." Maneno yakatokea kwa rangi ya chungwa, yanasomeka vizuri, na wa kuyasoma hakuwepo.