Faili Nililofuta Mbele ya Kanisa Zima

Jamani, nitacheka nikisimulia lakini msidhani moyo umepoa, kwa sababu hadi leo nikipita mbele ya lile kanisa letu la Magongo siku isiyo ya ibada nageuza uso upande wa pili, maana naona kama hata mageti yananijua.

Mimi ndiye niliyekuwa nikikaa nyuma kwenye laptopu ya kanisa, nikirusha maneno ya nyimbo kwenye skrini ya ukutani. Siku za kazi ni karani tu wa kupima malori hapa Changamwe, navuta moshi na kutukanwa na madereva, lakini Jumapili nilikuwa mtu, kwani bila kidole changu hakuna aliyejua ubeti wa pili (vitabu vya nyimbo tulikwisha kuvigawa). Tena kiti changu kilitazamana na Dama, mwalimu wa kwaya, na kila alipotaka ubeti ugeuzwe alinitazama akainua nyusi. Kwa zile nyusi ningekaa pale hadi Bwana arudi.

Ndipo akaja Evans, kijana wa bara aliyepata kazi ya kompyuta kwenye ofisi moja huko Port Reitz, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Jumapili moja Dama alimpa simu yake amtazamie, wakasimama mlangoni, na Dama akacheka kicheko ambacho mimi sijawahi kukipata kwa utani wangu wote. Nilimwonea wivu, sifichi. Hata viatu vyake vilinikera.

Basi ikafika ibada ya mavuno, wageni wamejaa, na Dama ametunga wimbo wa Kigiriama ambao kanisa zima lingeimba kwa kusoma ukutani. Maneno alikuwa ameyachapa mwenyewe kwenye ile laptopu, na kwingine hayakuwepo. Ameinua mkono tu, kwaya imevuta pumzi, skrini ikawa nyekundu: antivairasi imekamata tishio ndani ya faili la mfumo, chagua kuliweka kando au kulifuta.

Kanisa lote lilisoma. Kina mama wa viti vya mbele wakaanza kukemea, mmoja amenyoosha mkono kabisa kuelekea ukutani.

"Chengo mwanangu, kuna nini?" Mchungaji akauliza.

"Kirusi, Mchungaji. Nakishughulikia."

Mara nikasikia marashi begani. Evans ameinama, ananong'ona: "Kaka, usifute bado. Hilo ni faili la mfumo, huenda antivairasi imekosea. Tuangalie kwanza liko folda gani na limetiwa saini na nani. Ukiwa na wasiwasi liweke kando, lipo, litarudishwa."

Angekuwa mtu mwingine ningesikia. Lakini niliinua macho nikamwona Dama ameinua nyusi, na hakuwa akinitazama mimi, alikuwa akimtazama yeye. Nikabonyeza kufuta.

Wekundu ukatoweka, kanisa likapiga makofi, nami (Mungu anisamehe) nikainuka kidogo nikapunga mkono. Laptopu ikaomba kuzimwa na kuwashwa upya, nikaikubalia, ikarudi na skrini ya buluu yenye kile kiuso cha huzuni, ikajizima, ikarudi tena na kiuso kilekile.

"Usiguse tena, kaka," Evans akasema. "Nyimbo bado zimo ndani, nitazitoa."

"Ndugu, rudi kwenye kiti chako. Hapa pana mwenyewe."

Sikujua kwamba maikrofoni ya matangazo ilikuwa mezani pale, na iko wazi. Sauti yangu ilitoka kwenye spika zote, mpaka kwa watoto wa shule ya Jumapili huko nje. Kwa ile aibu nikaingia kwenye njia ya kuirejesha kompyuta katika hali ya mwanzo, nikakubali kila nilichoulizwa bila kusoma, na ukutani, kwa herufi kubwa kuliko za wimbo wowote niliopata kurusha, ikaandikwa kwamba inaondoa kila kitu.

Dama aligeuka akasoma. Akawageukia watu, akaanza kutaja mstari mmojammoja kwa mdomo nao wakaupokea, na wimbo ukaimbwa vizuri hasa, wala hakuna aliyenihitaji.

Baada ya ibada Evans alinieleza bila kunitukana. Antivairasi ilikuwa imejisasisha asubuhi ile ikashuku faili halali, na alijua kwa sababu kazini kwake walikuwa wamemtumia taarifa kwa simu. Jina la faili pekee halitoshi, akasema, maana virusi navyo hujipa majina ya mfumo, ndiyo sababu hutazamwa folda na saini, kisha faili hupimwa kwa antivairasi nyingine. Dama alikuwa amesimama hapo.

"Ungemsikiliza tu, Chengo," akasema.

Nikahamishiwa kwenye viti, kuvipanga na kuvikunja. Laptopu akapewa Evans, na nyimbo zote zikabidi zichapwe upya, naye Kigiriama hajui hata salamu, kwa hiyo kila jioni Dama alikaa ubavuni mwake akimtajia neno kwa neno. Yeye anakosea, Dama anacheka kile kicheko. Na mimi mwenye lugha yangu ya mama niko palepale, nimeshika kiti.

Jumapili iliyopita yakarushwa matangazo ya ndoa, majina yao mawili ukutani, yamechapwa vizuri. Mchungaji akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Watu kadhaa waligeuka kunitazama, nikainama kunyoosha viti vilivyokuwa vimenyooka.

Nimeapa, siku hizi hata simu ikinionya naweka kando, nauliza, hata kama wa kuulizwa ananuka marashi. Lakini kiapo changu kimechelewa. Jumapili hiyohiyo kwaya ilisimama, Dama akatazama nyuma, macho yake yakapita juu ya kichwa changu, akainua nyusi, na ubeti ukageuka.