Magoti ya Madamu Sijaona

Ukipita Buyenzi ukauliza habari za Madamu Sijaona, watakuuliza kwanza: yule mrefu? Ndiyo, yule mrefu. Mama Shakuru, kama wanavyomwita nyumbani, akiingia mlangoni lazima ainame, na sauti yake inatosha kunyamazisha gereji iliyo ng'ambo ya barabara. Amefundisha chekechea tangu ujana wake. Nusu ya mafundi wanaolala chini ya magari mtaani humo aliwafuta kamasi yeye, na mpaka leo wakimwona wanaficha sigara.

Watoto wake aliwajua kwa utosi. Kutoka kule juu ndicho alichokiona: kovu dogo la Anouar, misuko ya Assia, kichwa cha Houda kilichonyolewa juzi. Hakuwahi kukosea jina. Aliwapenda sana, wala hilo halina ubishi, ila mapenzi yake yaliteremka kama amri: kaa, kula, nyamaza, pole.

Mwaka huu ikaja fomasio, yaani mafunzo ya walimu kazini. Daphrose, mkurugenzi wa shule, alitangaza kwamba walimu wote wa chekechea wataenda Gihosha wiki nzima, kisha mkufunzi atakuja kumtazama kila mmoja darasani. Atakayeshindwa atahamishiwa stoo, agawe chaki na sabuni. Sijaona alicheka mbele za watu, akaenda kulia bafuni. Maisha yake yote yalikuwa katika kile chumba cha watoto wadogo. Huko stoo angeongea na nani, na ndoo?

Mkufunzi alikuwa Révérien, kijana wa Mutanga Nord, shati limenyooka kwa pasi. Wimbo wake ulikuwa mmoja tu: mwalimu asimsemeshe mtoto akiwa amesimama. Ashuke mpaka kwenye kimo cha mtoto, macho yakutane na macho. Akishasema hivyo anapiga makofi, na watu wazima na heshima zao wanachuchumaa ukumbi mzima.

Sasa, magoti ya Sijaona yalikuwa yamestaafu kabla yake. Hata swala aliswali juu ya kiti. Kushuka aliweza, kuinuka ndiko kulikuwa kwa kudra za Mungu. Lakini aseme hivyo mbele ya walimu vijana, wamwone bibi kizee? Thubutu! Kila makofi yalipopigwa, aliomba ruhusa ya kwenda kuswali.

"Huyu mama anapenda Mungu kabisa," Révérien alimwambia Daphrose kwa mshangao. "Anatoka kusali kila saa!"

Na Sijaona, huko uani, ameegemea ukuta. Tusimsingizie, kweli alikuwa akiomba: Ya Rabi, magoti.

Siku ya kutazamwa ikafika. Révérien na Daphrose walikaa nyuma ya darasa, na kama mikosi ilivyo, Houda alikuwa ameingia chini ya meza akilia, anamtaka mama yake. Desturi ya Sijaona ilikuwa kuita mara moja kwa sauti ile ya gereji. Alifungua kinywa, akamwona Révérien ameinua kalamu, akakifunga. Akashika meza, akashuka.

Alifika salama. Houda alinyamaza kwa mshangao, maana hakuwahi kumwona Madamu huko chini. Révérien akatabasamu. Sijaona akajaribu kuinuka kidogo kidogo, magoti yakakataa katakata. Akaona afadhali aendelee palepale, kama aliyekusudia. Alihesabisha vizibo vya soda akiwa sakafuni, akaimbisha akiwa sakafuni, akahamia kona nyingine kwa kujivuta na makalio. Watoto walifurahi ajabu, wakamlalia mapajani. Moyoni alikuwa akiomba: wageni waondoke tu, mengine atajua mwenyewe.

Kengele ya uji ikalia. Révérien akasimama mlangoni.

"Madamu, tutoke basi na watoto," alisema.

Sijaona hakuinuka. Houda akamtazama mwalimu wake juu mpaka chini, kisha akatangaza kwa wote:

"Madamu amenasa!"

Sijaona alitamani ardhi immeze, na kwa pale alipokuwa isingepata kazi kubwa. Lakini watoto hawakuwa na muda wa aibu.

"Mi naenda kuita papa alete jeki," alisema Anouar, ambaye baba yake ni fundi.

"Apana, Madamu haiko gari!" Assia alimkemea. "Tulete kiti, ashike. Siye tumusukume nyuma."

Kiti kikaletwa. Wengine wakashika mikono, wengine wakasukuma mgongo. Moja, mbili, tatu! Walipohesabu mara ya pili Sijaona alikuwa wima, anahema, na darasa zima linajipigia makofi.

"Mwalimu, nilikuwa nakudanganya kule Gihosha," alisema hapohapo, machozi yakimlengalenga. "Sikuwa naswali. Magoti yangu yamekwisha. Kama ni stoo, nipeleke."

Révérien alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mama, nani alikuambia lazima kuchuchumaa? Tafuta kigoda ukalie! Mi nilitaka macho yako, magoti sina kazi nayo."

Basi kesho yake baba Anouar alileta kigoda kifupi cha gereji, chenye magurudumu. Madamu Sijaona alikaa mlangoni kuwapokea watoto, na kwa mara ya kwanza waliingia wakiwa na nyuso: kumbe Anouar ana kidoti shavuni, kumbe Assia ana kope ndefu hivyo. Houda alifika, akasimama mbele yake, akamshika mashavu kwa mikono miwili na kumchunguza.

"Madamu," alisema polepole, "kumbe we unachekaka?"

Sijaona alikuwa akiwachekea hivyo kila asubuhi, miaka yote ile.