Kilemba cha Ukoo wa Watu

Harusini katika mji wa Ibra, Omani, mwaka mmoja wa sabini na kitu, nilijifunga kilemba cha miraba myekundu na kijani nilichonunua Uskochi, nikadhani nimempiku bwana harusi. Ubani ulikuwa ukielea ukumbini. Mgeni mmoja Mskochi, mwalimu wa bendi ya jeshi, alipewa kwa heshima meza yake na kijiko chake, peke yake, na sisi wengine tumeketi chini tukila kwa mkono kwenye sinia moja. Akakitazama kilemba kama anayeota mlango wa kwao.

"Nguo ya ukoo wetu," akanambia kwa Kiarabu chake. "Katika chama chetu cha udugu, anayeivaa ni ndugu. Na ndugu hali chakula peke yake."

Kichwa kikawaka moto.

"Ami, nikivue?" nikamnong'oneza ami yangu.

Ami hakuinua macho kutoka kwenye sinia. "Ushakivaa. Mwite nduguyo, wali unapoa."