Mtaro wa Mama Wilbert

Demetria na mumewe Apolinari walihamia Temeke wakati wa kiangazi, miaka ile ya mwanzo ya hamsini, mji ulipoanza kusogea kuelekea kusini. Apolinari alikuwa karani bandarini. Walipata kiwanja cha tambarare, mchanga laini, bila kisiki wala jiwe, wakajenga nyumba ya miti na udongo, juu bati. Demetria alishangaa kwa nini mahali pazuri namna ile pamekosa mtu miaka yote.

Masika yalipoanza, akajua. Maji yaliingia kwa mlango wa jikoni, yakazunguka chumbani, yakatokea barazani. Walipandisha kitanda juu ya matofali. Mtoto wao Wilbert, aliyekuwa hajaanza kutembea, alilala begani mwa mama yake. Yale yaliyomwagika kutoka kwenye bati yalichimba chini ya ukuta mpaka fito zikaonekana. Kila asubuhi Apolinari alitoka amekunja suruali, viatu mkononi, akavivaa alipofika barabara kuu.

Kwao Bukoba mvua ilinyesha karibu mwaka mzima, lakini nyumba za kwao zilikaa mlimani na maji yalikuwa na pa kwenda. Hapa yalikaa tu, kama mgeni asiyejua kuaga. Demetria aliapa kwamba masika mengine hayatamkuta vile.

Alianza na paa. Alimwita fundi Leonardi, akakata madebe matupu, akayakunja na kuyaunga yakawa mchirizi mrefu chini ya bati, na mwisho wake pipa. Kisha Demetria akajifunga kanga kiunoni, akashika jembe na kuanza kuchimba mtaro kutoka jikoni. Waliopita walicheka kidogo kumwona mke wa karani ametapakaa udongo, naye akawaitikia salamu bila kuinua kichwa. Kila alipochimba kipande alimwaga ndoo ya maji, akachuchumaa kuyatazama. Yakisimama, anachimba zaidi. Yakienda, anayafuata kwa macho huku anatabasamu peke yake.

Siku moja Bi Hija, jirani wa upande wa chini, mama wa Kizaramo aliyekuwa pale tangu zamani, alikuja kusimama kando ya mtaro.

"Shikamoo, Bi Hija."

"Marahaba, Mama Wilbert. Huu mtaro unaupeleka wapi?"

"Nje ya kiwanja changu."

"Nje ya kiwanja chako si ndani kwangu?"

Demetria aliweka jembe chini. Ilikuwa kweli, na hakuwa amelifikiria hilo. Alianza kuomba radhi, lakini Bi Hija alikuwa ameshaanza kucheka.

"Mwanangu, hapa ulipojenga palikuwa majaluba yangu ya mpunga. Nyie mmelala shambani kwangu. Maji hayajasahau."

"Yalikuwa yanatokaje?"

"Njoo."

Alimwongoza kati ya nyumba za mtaa, akimwonyesha kwa kidole mahali mkondo ulipopita kabla viwanja havijapimwa. Sehemu nyingine ulikuwa umejaa makumbi na majivu, sehemu nyingine ulikuwa njia ya watu. Ulikwenda mpaka nyuma ya duka la Bandali, na ng'ambo ya duka lilikuwapo bonde. Demetria aliufuata kwa macho mpaka mwisho. Kumbe hakuna haja ya kubuni njia, njia ipo, imezibwa tu.

Kuanzia hapo hakushikika. Alizungumza na kila nyumba iliyokuwa kando ya mkondo. Jumapili, baada ya misa, Apolinari naye alivua shati akaingia kuchimba. Majirani wakatoka na majembe na makarai, waume kwa wake, na wale waliocheka wakawa wa kwanza kubishana mtaro upinde wapi. Jioni ulikuwa umefika kwenye ukuta wa ua wa Bandali, ukakwama hapo.

Bandali alikuwa mwenye duka mpole, lakini kwa ukuta alikataa.

"Mama Wilbert, nikitoboa ukuta, takataka za mtaa mzima zitapita kwangu. Sukari yangu iko ghalani hapo hapo."

"Tutaweka wavu, Bwana Bandali."

"Ngojeni kwanza nifikiri."

Mvua haikumngoja. Kesho yake asubuhi wingu jeusi lilipanda kutoka upande wa baharini na maji yakaanza kumwagika. Demetria alikimbia nje. Mchirizi ulikuwa unabubujika pipani, ua wake ulikuwa mtupu, na maji yalikuwa yanakimbia mtaroni kama yameitwa. Alipiga makofi. Halafu akakumbuka yanakokwenda, furaha ikamkatika. Maji ya nyumba zote, yaliyokuwa yakitapakaa huku na huku, sasa yeye mwenyewe alikuwa ameyakusanya mahali pamoja.

Alipofika kwa Bandali akiwa na jembe, nyuma ya ukuta palikuwa bwawa, nalo linapanda. Bi Hija alikuwa ameshafika. Akaja pia Bi Maryambai, mke wa Bandali, ambaye watu wa mtaani walizoea kumwona dirishani tu. Alipita uani katikati ya mvua, mtandio umemganda kichwani, akaweka kiganja ukutani upande wa ndani.

"Ukuta unatoka jasho," alimwambia mumewe. "Tukiutoboa sisi, maji yatapita tunapotaka. Yakiuangusha yenyewe, ghala lote limekwenda."

Bandali aliutazama ukuta, akamtazama mkewe, kisha akaingia ndani akatoka na mtaimbo.

"Ngoja," Demetria alisema. "Kwanza tuyachimbie njia."

Upande wa pili wa ua, kuelekea bondeni, hapakuwa na ukuta, palikuwa na uzio wa michongoma tu. Demetria na Bi Hija waliingia uani, wakaanza kulima mfereji kutoka ukutani kuelekea kule, wakipishana, matope yakiwarukia usoni. Hawakuwa wamefika mwisho Bandali alipopaza sauti kwamba jiwe la ukuta limelegea. Mara jiwe likachomoka, maji yakafyatuka kama yametupwa. Wanawake wale walilima mbele ya maji, maji yanawafukuza visiginoni, mpaka Demetria alipofyeka shina la mwisho la mchongoma na kuruka pembeni. Yalipita hapo yakinguruma, meusi, yakibeba makumbi na majani, yakaporomoka bondeni.

Walisimama wakihema. Bi Maryambai alianza kucheka, akashindwa kujizuia, na wote wakacheka naye huku mvua inawapiga. Sukari haikulowa.

Mvua zilipopungua, Bandali alijengea tundu lile kwa saruji na kuweka wavu wa chuma. Bi Hija alipanda majimbi kando ya mtaro. Demetria alimwandama mumewe mpaka akaagiza machipukizi ya migomba kutoka Bukoba, naye akayapanda kwenye kingo.

Kila mwaka kabla ya masika alipita nyumba kwa nyumba kuwatoa watu wazibue mtaro. Mvua ikinyesha, hakuweza kukaa ndani.

"Unatazama nini huko?" Apolinari alimuuliza siku moja kutoka barazani.

"Njoo uone yanavyokwenda."

Alikwenda, akasimama naye. Walikuwa bado wamesimama hapo walipotokea wanawake wa mtaa wa pili, wamelowa mpaka magotini, wakiulizia kwa Mama Wilbert ni wapi.