Filimbi ya bendera ilivyomkosesha Wilondja safari ya Bukavu, na mimi refa nimesimama wima

Wakuu, salamu kwenu nyote, mlio macho na mnaosinzia kazini.

Niko Baraka, Fizi, Kivu Kusini. Huwa nasoma nyuzi za wenzangu na kupita kimya kimya, ila hili limenikaa kifuani na nimechoka kulibeba peke yangu. Chumvi sijaongeza. Nimebadilisha majina tu, maana Baraka ni ndogo na sokoni tunakutana.

Mimi ni refa wa mbio za baiskeli. Ndiyo, kazi hiyo ipo, na huku tunaitwa komisere. Msiniulize mshahara.

Zamani tuliamua kienyeji. Mtu akiangushwa na mbuzi karibu na mwisho, kamati inakaa, inasikiliza mashahidi, halafu inasema huyu ndiye aliyekuwa mbele, apewe haki yake. Kelele zilikuwepo, tena nyingi, lakini jioni watu walisalimiana.

Kisha zikaja sheria mpya. Tukaitwa Bukavu kwa mafunzo.

Wakuu, tulifundishwa mpaka kupima urefu wa soksi. Soksi! Huku nusu ya washindani wangu wanakanyaga pedali na kandambili. Tulifundishwa upana wa usukani, namna mtu anavyoruhusiwa kukaa akiteremka mlima, na mahali pa kupokelea maji. Nikaandika yote.

Mawili ndiyo yaliyokuja kutuumiza.

La kwanza: mambo ya kamati kurudishia mtu haki yake baada ya mbio yamefutwa. Kikitokea kizuizi njiani, komisere anainua bendera nyekundu palepale, anasimamisha wote, kisha anawaachia kwa nafasi ileile waliyokuwa wameachana. Asipoinua, aliyetangulia kwenye mstari ndiye mshindi. Mwisho.

La pili: umri. Wa kupelekwa Bukavu kuchaguliwa timu ya mkoa awe hajavuka umri fulani.

Mwalimu alichora pikipiki tatu ubaoni, moja kwa viongozi wa mbio, moja katikati, moja nyuma. Nikamwambia sisi tuna moja, na mafuta yake tunachangishana. Akacheka, akasema tutafute wafadhili.

Sasa Wilondja.

Wilondja ni mtu wa Lubondja, anabeba unga wa muhogo kwa baiskeli mpaka soko la Baraka. Mwembamba, mpole, si mtu wa maneno. Mlima wa kwenda Fizi anaupanda na mzigo huku wengine wanasukuma. Miaka yote mbio zetu zilimpita kwa sababu hii au ile, mara vita, mara malaria. Kwa sheria mpya ya umri, mwaka ule ndio ulikuwa wake wa mwisho. Akishinda, anakwenda Bukavu. Akikosa, anarudi kwenye unga wake moja kwa moja. Kila mtu alijua, hata washindani wenzake.

Njia ilikuwa kutoka Baraka kupanda Fizi na kurudi. Tulipanga kuanza mchana mapema.

Mgeni rasmi akachelewa. Alipofika akataka kuhutubia. Alipomaliza kuhutubia, msaidizi wake naye akataka kuhutubia. Vijana wamesimama juani na baiskeli zao, mimi naangalia jua linavyoteremka upande wa milima. Nilimnong'oneza mwenyekiti wa kamati yetu kwamba tutaingia mjini vibaya. Akaniambia, "Komisere, acha mukubwa amalize."

Basi tukaanza alasiri.

Wilondja aliwaacha wote kwenye mlima. Akageuka Fizi peke yake, akateremka peke yake, akavuka daraja la Mutambala peke yake. Mimi nilikuwa nyuma yake na pikipiki. Wakuu, nilifurahi. Refa hatakiwi kufurahi, lakini nilifurahi. Kundi lililomfuata lilikuwa mbali, hata vumbi lake silioni.

Tunaingia Baraka. Mstari wa mwisho uko sokoni, mbele kidogo, nasikia muziki wa spika. Tunafika mbele ya kituo cha polisi.

Filimbi ikalia.

Kwa msio wa Congo niwaeleze. Asubuhi bendera ya nchi ikipandishwa, na jioni saa kumi na mbili ikishushwa, filimbi inalia na kila aliye karibu anasimama. Anayetembea anasimama, mwenye gari anasimama, mama mwenye beseni kichwani anasimama nalo. Hakuna kukohoa hovyo. Unangoja filimbi ya pili ndipo unaendelea. Ukijifanya hujasikia utalala kasho, yaani mahabusu, na baiskeli yako humohumo. Tumekua hivyo tangu shule. Miguu inasimama kabla akili haijaamua.

Wilondja alishuka kwenye baiskeli, akasimama wima, mikono imenyooka.

Na mimi nikazima pikipiki, nikasimama wima.

Polisi aliyeshusha bendera hakuwa na haraka. Kamba ilikwama, akaivuta, ikakwama tena. Bendera yangu nyekundu iko kiunoni. Kuinyanyua siwezi, mbele ya bendera ya nchi. Na hata ningeinyanyua, nani angeiona? Waliotakiwa kuiona walikuwa bado huko nyuma ambako filimbi haisikiki, wanakanyaga tu. Hapo ndipo ilitakiwa pikipiki ya pili, ile ya ubaoni.

Filimbi ya pili ikalia. Wakati huohuo kundi likatokea kwenye kona, limekolea mwendo. Wilondja alikuwa ndio kwanza anaweka mguu kwenye pedali. Wakampita pande zote mbili.

Alimasi, kijana wa hapa mjini, alifika wa kwanza. Sokoni walimbeba juu juu. Wao, kwa muziki ule, hawakusikia filimbi wala kuona bendera, waliona kundi linakuja na Wilondja yuko nyuma ya kundi. Alimasi naye hana kosa, hakujua chochote.

Wilondja akaja kwangu anahema. "Komisere, mi nilisimama juu ya bendera. We pia ulisimama." Huku kwetu "juu ya" ni kwa sababu ya.

Nikampigia mwalimu wa Bukavu. Nikamweleza yote.

Akauliza, "Ulinyanyua bendera ya rouge, ile nyekundu?"

"Apana. Bendera ya inchi ilikuwa inashuka, nilikuwa nimesimama."

"Basi mbio haikusimama."

Nikasaini matokeo. Alimasi akaenda Bukavu.

Nilidhani yameisha. Siku moja Wilondja akanikuta sokoni, ameegemeza baiskeli yenye magunia. Kwao Lubondja wanamcheka kwamba alichoka mbele ya mstari, kwamba mwili umezeeka. Hata mke wake haamini habari ya bendera. Akaniomba jambo moja tu: nipande niende niseme mbele yao kwamba nilimwona.

Nikaenda. Wakakusanyika uani kwake, ndugu na majirani. Nikasema wazi: huyu hakuchoka, alikuwa mbele peke yake, alisimama kwa ajili ya bendera, nilimwona kwa macho yangu.

Mke wake, Mama Neema, akaniangalia sana. "Sasa papa komisere, kama uliona, juu ya nini ulimuandika wa nyuma?"

Nikaanza kueleza. Sheria mpya, bendera nyekundu, pikipiki tatu. Nilijisikia ninavyoongea na nikaona aibu. Kwa mama yule ilikuwa ni mtu aliyeona na akaandika vingine.

Wilondja ndiye aliyenikata. "Mama Neema, muache. Naye alikuwa anasimama."

Akaniletea kiti. Tukala bugali na sombe, yaani ugali na kisamvu. Hakuna aliyenicheka wala kunitukana, na nadhani ningependa wanitukane kidogo.

Nilichojifunza, wakuu: sheria ya mbali si lazima iwe mbaya. Hii yetu imeandikwa na watu wenye pikipiki tatu, kwa watu wenye pikipiki tatu. Ukiwa na moja, mwombe Mungu usikutane na jioni. Na mgeni rasmi akichelewa, anzeni bila yeye, lawama zake ni nafuu kuliko hizi.

Mwaka huu wameniita tena Bukavu, kuna sheria nyingine mpya. Sijajibu. Filimbi yangu imening'inia kwenye msumari ukutani. Kila jioni ile ya kituoni ikilia nasimama uani kwangu, na ninajua mahali fulani barabarani Wilondja naye amesimama, na magunia yake.

Mliowahi kuwa marefa wa mchezo wowote, au mliowahi kunyimwa haki na refa aliyeona kila kitu, semeni. Mlimjibu nini? Nasoma zote, hata zenye hasira.